Nyuso Zilizofunguka Nyuma ya Mashine ya Mawese

Aziza mwanangu,

Mambo ya njiani baba yako amekueleza: ukae upande gani wa boti, unyamaze wakati gani, ukishuka Ujiji umuulize nani nyumba ya shangazi yako. Sitayarudia. Nakuandikia yale ambayo mdomo wangu ulishindwa kuyasema leo mchana, tulipokuwa tunakata sabuni mimi na wewe kana kwamba kesho utakuwepo kuzipanga hapa sokoni Rumonge.

Uliniomba tupigiane simu ukishafika. Nikaitika tu, maana sikutaka tubishane siku ya mwisho. Lakini wewe mwenyewe unajua mnara wa rezo, ule wa mtandao wa simu, umenyamaza tangu njia ya Bujumbura ifungwe. Mafuta ya kuendesha mashine yake hayapiti, na hakuna anayejua yatapita lini. Hata yakipita, sidhani kama nitaiwasha tena simu ile. Nataka ujue kwa nini. Sehemu kubwa uliiona kwa macho yako, ila sehemu moja hukuiona, nami nimekuficha hadi leo.

Kaka yako alikuwa Gatete kwa babu, amekwenda kusaidia kuvuna ngazi za mawese, vita vilipofika kule. Babu tulimpata, tukamzika. Issa hatukumpata, si mzima si maiti. Mtu mmoja alisema alimwona akikimbilia ziwani na kundi la watu, wakapanda mtumbwi. Mwingine akasema mtumbwi ule ulizama. Wa tatu akasema haukuzama, uliozama ni mwingine. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unalala na shati lake. Mimi tangu siku ile nimeishi katikati ya mitumbwi miwili, leo niko kwenye huu, kesho niko kwenye ule.

Baba yako alisubiri kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kisha akaniambia kwa upole tumsomee hitima, mtoto apate haki yake kama maiti wengine. Nikamwambia atakayemsomea mwanangu hitima na mimi anihesabu nimekufa.  Alitoka, akaenda kukaa nje hadi jua likazama. Nilimwona hana moyo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza katika mambo haya, na nimechelewa sana kulijua.

Ndipo akaja yule mwanamke aliyerudi kutoka kambi za Tanzania. Alinunua sabuni kwangu, tukaongea, akaniambia kule kambini watu wa misaada wanapiga picha watoto waliopotezana na wazazi wao, kisha picha hizo wanazitia kwenye intaneti. Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni tu. Nilidhani ni jambo la maofisa. Nikamwendea Fidele, yule kijana Mubembe wa Baraka, ng'ambo ya Kongo, aliyekuwa anachajisha simu za watu kwa betri za gari pale kwenye kituo cha minibasi. Akaniambia intaneti inaweza kufunguka ndani ya simu, mradi simu yenyewe iwe ya aina hiyo na kampuni ya simu ya Bujumbura ikubali kufungua laini. Simu yetu haikuwa ya aina hiyo. Nilirudi nyumbani nikamweleza baba yako, nikisema kwa hasira, kama mtu anayetafuta ugomvi. Alinisikiliza hadi mwisho. Wiki iliyofuata alirudi kutoka bandarini kwa miguu, ameshika simu mkononi. Alikuwa amebadilishana na mchuuzi mmoja wa Kigoma, akampa baiskeli yake. Unajua baba yako alivyoipenda baiskeli ile. Aliiweka simu juu ya meza akaenda kunawa. Nami sikusema asante. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwa Fidele.

Haraka yangu haikusaidia. Fidele alituma ujumbe kwa kampuni, tukangoja. Jibu lilipokuja lilikuwa na maandishi ambayo yeye aliyaita njia, akayahifadhi ndani ya simu, akaizima, akatoa betri, akairudisha, akaiwasha. Ikaandika maneno ya Kifaransa. Nikakupa wewe usome.

Ukasema, "Mama, inasema konekisyo imekataa, haiungani."

Unakumbuka nilivyokukaripia, kana kwamba wewe ndiye uliyekataa. Tulirudi kesho yake, na siku nyingine, na nyingine. Mara laini haijafunguliwa, mara njia imeandikwa vibaya, mara yunite za simu zimekwisha katikati. Mwisho Fidele aligundua kwamba pale sokoni rezo haisimami vizuri, na kwamba huko juu, nyuma ya mashine ya mawese, inasimama. Tukaanza kupanda huko mchana baada ya soko, tunakaa ukutani, moshi wa mapipa ya kuchemshia ngazi unatuingia machoni, na askari wapo juu yetu kwenye kambi yao.

Siku ilipokubali nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Idi na kilemba kipya. Uliniuliza ninakwenda harusi ya nani, nikakuambia nyamaza. Sasa nakueleza. Nilidhani intaneti inaona pande zote mbili. Nilidhani Issa akifunguka pale kwenye kioo, na yeye ataniona. Sikutaka anione na kanga ya kupikia sabuni. Fidele alielewa, nadhani, maana aliniangalia akainamisha kichwa, hakucheka. Mungu amlipe kwa hilo.

Picha zilikuwa zinafunguka polepole, kutoka juu kwenda chini. Kwanza nywele. Kisha paji la uso. Kisha unangoja, kile kitu kidogo kinazunguka, na wewe hujui macho yatakayotokea ni ya nani.  Kila mtoto ameshika ubao kifuani wenye jina lake na kwao. Ulikuwa unanisomea, maana herufi zilikuwa ndogo kwa macho yangu: wa Makamba, wa Bururi, wa Nyanza-Lac. Wengine ubao umeandikwa jina moja tu, maana hawakujua la pili. Watoto wengi vile, Aziza, na kila mmoja ametazama mbele kama anayemtazama mama yake. Niliwapita mmoja mmoja. Nilikuwa nikiona paji la uso si la Issa nakuambia, "Pita." Sikungoja hata macho. Nilikuwa na njaa ya mtoto mmoja, wengine wote niliwaona kama mchanga kwenye mchele.

Halafu yule askari. Alishuka bila sisi kumwona, akasimama mbele yetu na bunduki.

Akauliza, "Mama, iko unaongea na nani huko?"

Nikamwambia, "Siko naongea na mutu. Niko natafuta mutoto wangu."

Aliichukua simu. Siku zile watu walikuwa wanapotea kwa sababu ya simu, wanaambiwa wanawapigia waasi kuwaeleza askari walipo.  Wewe ulinishika kitenge kwa nyuma. Askari alitazama kioo, na katika kutazama kule picha ikamalizika kufunguka, msichana mdogo wa miaka kama saba, mdomo wazi, meno ya mbele hayapo. Aliitazama picha hiyo kwa muda. Kisha akakaa chini ukutani, pale pale pembeni yangu, bunduki akailaza magotini, akamrudishia Fidele simu.

Akasema, "Andika Goreti. Ni mudogo wangu."

Tulipata akina Goreti wachache. Alimwangalia kila mmoja hadi chini kabisa, hadi miguuni, hakusema pita. Hakuwemo. Akatushukuru, murakoze mama, akapanda kurudi. Baada ya hapo kila tulipokwenda alikuwa anashuka, anakaa, anauliza kama wameongeza wapya. Nilianza kumngojea kabla hatujaanza. Siku moja hakushuka, wenzake wakasema kikosi chake kimepelekwa kwingine. Sijui kama alimpata. Nilijifunza kutoka kwake kuangalia uso wa mtoto wa mwenzangu hadi mwisho, na natamani nisingejifunza. Kama ningeendelea kusema pita, lililofuata lisingenipata.

Hii ndiyo sehemu usiyoijua. Ulikuwa umelala na malaria wiki ile. Nilipanda na Fidele peke yetu. Ikafunguka picha ya mvulana, kichwa kimenyolewa, na sikio la kushoto halina ncha. Nilimjua kabla jina halijasomwa. Alikuwa Nestori wa Estela, yule mama wa Kabonga aliyekuwa analeta ndagala, dagaa wa ziwani, na kurudi na sabuni zangu. Wewe umecheza naye chini ya meza yetu ya soko. Sikio lile aliumwa na mbwa akiwa anatambaa, na Estela alikuwa akisimulia kila mara kama kisa cha kuchekesha. Kwenye ubao waliandika kwamba anamtafuta mama yake.

Na mimi nilijua alipo mama yake. Kabonga iliposhambuliwa nilikuwa huko kwa ajili ya deni la ndagala, unakumbuka nilivyorudi bila viatu. Estela tulimzika mimi na jirani zake, kwa haraka, bila padri, nyuma ya nyumba yake. Watu walisema watoto wamevuka mpaka. Sikuwauliza zaidi, nilikuwa nakimbilia kwenu.

Chini ya picha kulikuwa na mahali pa kuandika kwa anayejua chochote. Fidele akanieleza. Akaniuliza, "Mama Issa, tuandike nini?"

Sikufikiri sana. Nikamwambia, "Andika mama yake amekufa. Andika nilikuwepo, nilimzika mwenyewe, asimngoje."

Fidele alisita. Akasema labda tungoje nimwulize kwanza mzee, yaani baba yako. Nikamwambia andika. Unajua kwa nini nilisema vile? Miaka yote niliomba kitu kimoja tu, mtu aje aniambie. Aseme amekufa au yu hai, lakini aseme. Nilidhani hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Nikampa mtoto wa watu kile nilichokuwa nakitamani mimi, kama mtu anayemlisha mgeni chakula anachokipenda yeye. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba ujumbe umekwenda. Siku zote konekisyo ilikuwa inakataa. Siku ile ilikubali mara moja.

Tuliporudi mara nyingine picha ya Nestori haikuwepo. Fidele akasema ndivyo inavyokuwa, habari ya mtoto ikijulikana wanamtoa. Nilifurahi, Aziza. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha kwamba angalau mtoto mmoja simu hii imemsaidia. Nilikupikia uji siku hiyo nikiimba, ukaniuliza kuna nini, nikasema umepona homa ndiyo maana.

Mwaka huu, kabla njia haijafungwa, yule mwanamke wa kambini alipita tena, akitoka huko huko. Nikamuuliza kama anamjua mtoto mwenye sikio lililokatika. Alimjua. Akanieleza kwamba mtoto huyo alikuwa mchangamfu, kila gari la watu wapya likiingia anakwenda kusimama pale wanaposhushwa, na watu wa kambi walimzoea. Kisha wakamwita ofisini wakamwambia mama yake amefariki. Hakulia. Aliacha tu kwenda kwenye magari. Akaacha kula na wenzake. Mvua zilipoanza alitoka kambini na watu waliokuwa wanakwenda kuokota kuni, wao wakarudi, yeye hakurudi. Walimtafuta. Mwanamke yule alisimulia huku anachagua sabuni, hakujua ananieleza nini.

Ningeweza kumwambia Fidele aandike: yupo mama mwingine Rumonge, aliyemjua mama yako, anauza sabuni, njoo. Maneno yale yangeingia kwenye nafasi ile ile. Mtoto angekuwa na mahali pa kupeleka macho. Halikunijia kichwani. Nilikuwa na hamu ya Issa peke yake, na nilipomwona mtoto asiye Issa nilikuwa na ukweli tu wa kumpa, sikuwa na nafasi. Nilipomweleza baba yako, akasema, "Tungemweka kitanda cha Issa." Alisema hivyo tu. Yule niliyemwona hana moyo ndiye aliyekumbuka kitanda.

Sikupi fundisho hapo. Nimelitafuta sijaliona. Nakupa tu kilichonipata, ukibebe kwa namna utakayoweza.

Jana uliniambia kwamba ukifika ng'ambo utazunguka kambi moja moja kumtafuta kaka yako. Nakuomba usifanye hivyo. Msichana asiye na karatasi anayeulizauliza kwenye kambi za watu, mimi najua anakutana na nani. Kaa kwa shangazi yako, uza anachouza, ukipata nafasi ya shule ingia hata kama uko mkubwa kuliko wenzako. Nina mtoto mmoja nisiyejua alipo. Wa pili siwezi. Na wakikukamata Ujiji wakakupeleka kambini, wakataka kukupiga picha, kubali, utazame mbele, ubao usiufunike kwa mikono. Kuna watoto niliowapita kwa sababu walikuwa wameinama.

Lakini usingoje. Hilo ndilo zito zaidi kwangu kukuandikia. Usisimame mahali magari yanaposhusha watu. Mkiletewa habari kutoka Rumonge na wavuvi, sikilizeni, kisha mrudi kwenye kazi zenu. Mimi sioni mwisho wa mambo haya. Nilikuwa nauona zamani, kila mwaka nikisema mwaka ujao, na mwaka ujao ukija unakuja na makaburi yake. Wanaongea mbali huko kuhusu amani, redio inasema, na huku tunafunga madirisha saa kumi. Ningekudanganya nikisema utarudi ukute nyumba. Baba yako hataki kuondoka kwa sababu ya kaburi la babu, mimi sitamwacha baba yako, na zaidi ya hapo sijui kitu.

Ijumaa tutamsomea Issa hitima. Nimekubali. Nilimwambia baba yako juzi, wewe ukiwa kisimani. Si kwamba nimepata habari, hakuna habari. Nimechoka kumweka mtoto ndani ya mitumbwi miwili, nataka ashuke hata kama ni kaburini. Nilitaka uwepo, lakini boti ya mawese inaondoka alfajiri na hatujui kama kutakuwa na nyingine. Ijumaa adhuhuri, popote utakapokuwa, msomee Fatiha. Shangazi yako atakuonyesha kama umesahau.

Umelala sasa, mkono wako umetoka nje ya chandarua. Nimeurudisha ndani mara kadhaa, na kila mara unautoa. Ulikuwa hivyo hivyo ulipokuwa mchanga. Kama kuna jambo nililokukosea, na yapo mengi, hasira zile za simu na miaka niliyokuwa nikikutazama huku namtafuta mwingine usoni mwako, nisamehe. Ulikuwa mtoto wa kutosha. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu waliopungua.

Baba yako ameingia sasa hivi, amesimama nyuma yangu. Hajui kusoma herufi zangu mbaya hizi. Ameniuliza kama nimekuandikia kwamba tutaonana tena. Nimemwambia hapana, sijaandika, kwa sababu sijui. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kisha akasema, "Andika."

Kwa hiyo naandika. Baba yako anasema tutaonana.

Mama yako